Mpira Upi kwa Kiwanja cha Mbigiri?

Wachezaji wa boulingi, mchezo ule wa kuviringisha tufe zito ili liangushe pini kumi, wana ugonjwa ambao watu wa Mwanhuzi, wilayani Meatu, wangefaa kuambukizwa. Tufe moja haliwatoshi. Njia yao ina urefu wa futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, nayo hupakwa mafuta sehemu kubwa ya mwanzo, kisha mwisho ikaachwa kavu. Tufe la plastiki laini hupita humo moja kwa moja. Lenye ganda la kushika sakafu huteleza kwenye mafuta, likikuta pakavu linakata kona ghafla na kuzivamia pini kwa ubavu. Mwenye mkono wa kupinda hutaka hili la pili. Mwenye kulenga pini moja iliyobaki pembeni hurudi kwenye lile la kwanza. Uzito hauruhusiwi kuzidi ratili 16, yaani kilo saba na ushee, na bado mtu mzima mwenye akili zake hubeba mkoba wa matufe matatu au manne, kisha akifika anauliza: leo sakafu ikoje? Hilo ndilo swali ambalo mnunuzi wa mpira wa miguu Mwanhuzi haulizi. Yeye huuliza upo wa rangi gani, na kama umeandikwa jina la mashindano yaliyoonyeshwa kwenye televisheni.

Ajabu ni kwamba elimu yenyewe ya kuisoma ardhi ipo huku, tena ya siku nyingi. Mkulima wa Kisukuma hapandi kitu bila kuitazama ardhi. Luseni, udongo wa kichanga, ataupa karanga au mihogo. Mbuga, udongo mweusi wa bondeni, ataupa mpunga. Na itogolo, ule mgumu unaorudisha jembe, anaujua kwa jina na kwa maumivu ya mabega. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Usambara, alipata sifa duniani katika miaka ya 1930 kwa kueleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Wenye mashamba Usukumani walikuwa wameshazipa kanda hizo majina yake. Sasa mtu huyuhuyu, ambaye ukimshauri apande karanga kwenye mbuga atakuuliza kama umelala vizuri, ananunua mpira uliotengenezewa nyasi za Ulaya zinazonyweshwa maji kabla ya mechi, anautupa kwenye itogolo mwezi Septemba, halafu anashangaa. Hoja yangu ni kwamba mpira huchaguliwa na kiwanja kwanza, na staili ya mchezaji baadaye, na sura ya mpira isiitwe kabisa kwenye kikao hicho.

Adui mkuu wa mpira Mwanhuzi si beki. Ni mbigiri. Mmea huu hutambaa chini kwa unyenyekevu, una ua dogo la njano la kumpumbaza mtu, na tunda lake likikauka hugawanyika vipande vyenye miba migumu, vilivyoumbwa hivi kwamba vyovyote vitakavyoanguka, lazima mwiba mmoja utazame juu. Waendesha baiskeli wanaufahamu vizuri, na mafundi wa pancha wanauombea maisha marefu. Ongeza miba ya migunga, ambayo matawi yake huzungushiwa maboma ya mifugo na kuburutwa huku na huko, upate kiwanja ambacho kila mita ina mlinzi wake. Kwa hiyo ajali ya kawaida huja hivi: dakika ya 70, mabao ni moja kwa moja, winga amewaacha wawili, na mpira unapiga mluzi mrefu kuliko wa refa. Sheria ya 2 ya soka inaagiza kwamba mpira ukiharibika mchezo usimamishwe, kisha uanze upya kwa mpira wa kudondoshwa. Na ukipasuka kwenye penalti ukiwa njiani, kabla haujagusa mchezaji wala mwamba, penalti irudiwe. Sheria nzuri, ila imeandikwa na watu wenye mpira wa pili. Pasipo mpira wa pili mechi hugeuka baraza: hawa wanadai ushindi, wale wanadai marudio, mwenye mpira anadai fidia, na mbuzi wa zawadi anaendelea kutafuna kamba yake bila kujua ni mali ya nani.

Mpira upi, basi, unaweza kuishi hapo? Madukani kuna koo tatu. Upo wa raba iliyofinyangwa, mzito kwa kuutazama, unaovumilia mikwaruzo kuliko yote. Upo wa vipande vilivyoshonwa kwa uzi. Na upo wa vipande vilivyogandishwa kwa joto bila mshono, ambao ndio wa kisasa na ndio unaong'aa. Tofauti kubwa huonekana baada ya mwiba kuingia. Ule wa kugandishwa ukitobolewa hakuna pa kuingilia. Kuufungua ni kuuchinja. Ule wa kushonwa fundi viatu anaufumua nyuzi chache, anaitoa bladda, fundi baiskeli anaiziba kiraka, unashonwa, na jioni uko uwanjani ukiwa na kovu la heshima. Bladda yenyewe ni ya aina mbili zinazojulikana sana: ya lateksi, laini na yenye mdundo mzuri lakini inayovuja upepo upesi, na ya butili, inayotunza upepo kwa siku nyingi. Mahali ambapo pampu moja huazimwa na mitaa minne, anayenunua lateksi amenunua deni.

Upepo nao huchaguliwa. Sheria inautaka mpira uwe na mzingo wa sentimeta 68 hadi 70, gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza, na kanieneo ya ndani ya mara 0.6 hadi 1.1 ya ile ya angahewa usawa wa bahari. Hapo katikati pana uhuru mkubwa, lakini wengi hupampu mpaka mpira ulie kama ngoma. Juu ya itogolo mpira wa namna hiyo haupigiwi pasi, hufukuzwa. Timu ya pasi fupi ibaki karibu na 0.6, mpira upate kutulia chini. Timu ya kubutua ijaze inavyotaka, maana nia yake ni moja tu, mpira uende mbali na goli lao. Na jua lisisahauliwe: mpira uliojazwa 0.8 alfajiri penye nyuzijoto 20, ukaachwa juani hewa yake ikafika nyuzijoto 45, unapanda hadi karibu 0.95 bila mtu kugusa pampu. Ndiyo maana kipa aliyekuwa hodari kwenye mazoezi ya asubuhi huruka chini ya mpira saa tisa mchana na kuitwa majina. Sindano ya pampu nayo ina mikasa yake. Ikiingizwa kavu inaweza kuusukuma mpira mdogo wa tundu la upepo uzame ndani, na atakayeleta mrija wa peni badala ya sindano atazikwa na lawama; ilowesheni kwanza, hata kwa mate.

Watakuwepo wa kusema kwamba mpira mgumu na wa bei nafuu unaua kipaji, kwamba mtoto aliyezoea raba akifika mashindano ya shule ya UMITASHUMTA au UMISSETA akapewa mpira mwepesi ataaibika. Pingamizi hili lina ukweli kidogo, na kidogo chenyewe nakikubali: timu inayokwenda mashindanoni iuchezee mpira wa mashindano siku kadhaa kabla ya safari. Lakini kipaji hakijawahi kudai mpira wa duka. Vizazi vya nchi hii vimejifunza chenga kwenye chandimu, kwa soksi iliyojazwa matambara au makaratasi yaliyofungwa kamba, kitu kisichodunda wala kisichokuwa mviringo kila siku. Na mpira wa kisasa nao una vituko vyake. Mpira wa Telstar wa Kombe la Dunia la 1970 ulikuwa na vipande 32. Ule wa Jabulani wa 2010 kule Afrika Kusini ulikuwa na vipande 8 tu, laini mno, na makipa wakubwa walilalamika kwamba unayumba hewani. Hao walikuwa kwenye nyasi, na mishahara yao ilikuwa imeingia. Isitoshe, ulaini unaolipiwa ghali huondolewa na changarawe ya Mwanhuzi bure kabisa, mapema sana.

Wengine watasema tatizo ni kiwanja, kifagiliwe. Kifagiliwe, nani amekataza? Ila Meatu ni wilaya ya mifugo, na ng'ombe warudio jioni hawasomi mabango. Hupita katikati ya uwanja wakiwa na mbegu za mbigiri kwenye kwato, na mbuzi humalizia pembeni. Kufagia ni kazi ya kila siku, kununua mpira ni ya siku moja. Wapo pia wenye suluhisho la moja kwa moja: mpira usio na upepo kabisa. Mmarekani Tim Jahnigen aliubuni kwa povu gumu baada ya kuona watoto wa Darfur wakicheza na takataka zilizofungwa. Mwanamuziki Sting akatoa fedha, na mradi ukaanza mwaka 2010 kwa jina la One World Futbol. Mbigiri haiuwezi. Ningeupigia kura, isipokuwa si wa kuupata kwenye duka la jirani, na mpira usioweza kununuliwa jirani huishia kwenye hotuba. Karibu zaidi na hali yetu ni njia ya shirika la Alive and Kicking, lililoanza Nairobi mwaka 2004 kwa juhudi za Mwingereza Jim Cogan: mipira ya ngozi halisi, iliyoshonwa kwa mkono hapahapa Afrika Mashariki, mingine ikiwa na ujumbe wa malaria na Ukimwi. Watangazaji wa redio wameuita mpira gozi la ng'ombe miaka yote, na katika nchi yenye ng'ombe wengi hivi ni aibu kidogo kwamba gozi letu hutoka ng'ambo likiwa plastiki.

Ngozi nayo haiko salama na lawama. Mvua za Novemba zikianza, ngozi hunywa maji, na tope la mbuga hushikilia kila kitu kinachoviringika mpaka kupiga kona kunakuwa kazi ya ujenzi. Msimu huo wahitaji mpira wa kushonwa wenye ganda la plastiki, unaopanguswa kwa nyasi ukaendelea. Mipira miwili, basi, wa kiangazi na wa masika, kila mmoja wa mshono, kila mmoja na bladda ya butili. Wa raba ubaki wa mazoezi. Atakayesema miwili ni anasa ahesabu mechi zilizokufa dakika ya 70.

Waheshimiwa madiwani, na ninyi wagombea mtakaokuja na jezi, mnaombwa jambo dogo. Mkileta mipira Mwanhuzi acheni ile inayong'aa. Leteni ya kushonwa, gundi ya pancha, pampu moja kwa kila kata na sindano tatu, kwa sababu mbili za kwanza zitapotea.