Bomba, Boliti na Ndoo ya Fundi Pancha

Usiku huo nililala ndani ya Noah, pale Pongwe, kando ya barabara ya Segera. Nati moja ya gurudumu la nyuma ilikuwa imegoma kufunguka, na fundi pancha akaamua kwamba shughuli ile ni ya mchana. Akafunika vyombo vyake kwa gunia la katani, akapanda baiskeli akaenda zake. Kwa mbu wale, kulala ni kusema tu. Basi nikayasikia yote. Nayaandika kama yalivyosemwa, ila matusi ya Bomba nimeyapunguza.

BOMBA: Imegoma! Mmemsikia mwenyewe? Nati ile niliikaza miye mwezi wa Ramadhani. Fundi kaniegemea, na saumu yake kifuani, mpaka jasho likamtiririka. Mwenye gari akafurahi, akampa na ya soda ya kufuturia.

NATI (kutoka kwenye gurudumu): Alikuwa si huyu. Huyu kalinunua gari juzi.

BOMBA: Haidhuru. Wote wana maneno yale yale: "Kaza haswa, nina safari."

BOLITI: Shemeji Bomba, nikuulize kitu. Weye ulizaliwa kukaza nati?

BOMBA: Nilizaliwa kupitisha maji, shamba la mkonge. Maji yalipokatika nikajitafutia. Miye ni mita 1 kamili. Wanichomeka kwenye mpini wa spana, na hapo hakuna linalobaki limelegea.

SPANA YA MIZANI: Samahani wenyeji.

BOMBA: Haya, Nyundo naye kaamka.

SPANA YA MIZANI: Miye si nyundo.

(Hapa niingilie. Chombo hiki nilikiona jioni: fimbo ndefu ya chuma, mpini umechorwa namba, kichwani kimepondeka. Ni ile spana inayotegwa kwenye kipimo, na nguvu ikifika inatoa mlio, "ta!", kumwambia mshikaji basi. Jioni nzima fundi alikuwa akiitwanga nayo rimu iliyogandana na kitovu kwa kutu. Kwa chumvi ya bahari ya Tanga, chuma na chuma vikikaa pamoja muda mrefu huoana.)

SPANA YA MIZANI: Nilikuja ndani ya kreti la vyuma chakavu. Fundi alininunua kwa kilo. Kuona nina namba mwilini akacheka, akasema, "Hii rula ya chuma itafaa kupigia." Tangu siku hiyo napiga.

NATI: Pole, mzee. Hizo namba zasemaje?

SPANA YA MIZANI: Kwa gari kama hili zinasema nyutoni-mita 103. Namba hiyo imo hata kwenye kitabu cha gari, mle kwenye droo ya dashibodi.

NATI: Kitabu kile kimeandikwa Kijapani kitupu.

SPANA YA MIZANI: 103 haina Kijapani, mwanangu.

BOMBA: Na miye nilitia ngapi?

SPANA YA MIZANI: Fundi wetu ana kilo 70 hivi. Akisimama mwisho wa spana ya sentimita 30, bila weye kuwepo, tayari ni mara mbili ya kipimo. Akisimama kwenye ncha yako weye wa mita 1, ni karibu mara saba. Siku ile hakusimama, aliegemea tu. Angesimama, Boliti asingekuwemo kwenye kikao hiki.

BOMBA: Mara saba! Mwaona? Halafu mtu aje na fimbo yake ya "ta" aniambie basi.

STIKA (kutoka kwenye kioo cha mbele): Gari hili limekaguliwa.

BOLITI: Nani kakuuliza weye?

(Kimya. Lori la saruji likapita, gari likatikisika.)

BOLITI: Shemeji, watu wadhani gurudumu lashikwa na nati kung'ang'ania. Sivyo. Miye ni mnene milimita 12, chuma, lakini ndani yangu mna tabia ya raba ya manati. Nati akizungushwa ananivuta, narefuka kwa kiasi ambacho jicho halikioni, nami nataka kurudi nilivyokuwa. Kinachobana rimu ni ile hamu yangu ya kurudi nyumbani. Nikivutwa sawasawa nabana kwa nguvu ya tani 4 hivi. Tuko watano, piga hesabu.

BOMBA: Ukivutwa zaidi, si hamu yazidi?

BOLITI: Mpaka pale ninapopasahau nyumbani. Ukipita hapo, chuma hakirudi. Nabaki nimerefuka, nimenyong'onyea kiunoni. Nati yuko palepale, amekaza kweli, ukimgusa ni jiwe, lakini hamu imekwisha. Tangu Ramadhani niko hivyo.

NATI: Wala hukuniambia, mume wangu.

BOLITI: Ningekwambiaje, nawe umekwama na kutu?

BOMBA: Hadithi. Nguvu ni nguvu. Niliyoitoa imefika.

NATI: Haijafika, shemeji. Ngoja nikupe siri ya ndani. Kila nguvu inayokuja ni kama fedha ya mradi. Ikiwa shilingi 10, zile 5 nazila miye kwa kusuguana na rimu hapa ninapokalia. Kama 4 hivi zaliwa kwenye nyuzi, baina yangu na Boliti. Inayomfikia Boliti mwenyewe, akavutwa nayo, ni 1.

SPANA YA MIZANI: Kweli tupu. Nami hicho kipimo changu kimepangwa kwa kuijua kamati hiyo ya walaji: nyuzi safi, kavu.

NATI: Basi siku ile ya Ramadhani fundi kaona kutu, kanipaka oili chafu iliyomwagwa na Fuso moja. Kamati ikateleza, haikula kitu. Fedha zikapita hadi kwa Boliti, mkono ni uleule. Maskini mume wangu! Ndiyo mara ya kwanza nimeona uaminifu ukimvunja mtu mgongo.

BOMBA: Mwalia sana. Haya, na gari lililolegea je? Mmesahau lile tairi lililompita dereva wake mwenyewe karibu na Muheza, likaingia kwenye michungwa?

BOLITI: Hatujasahau. Tanga waja leo waondoka leo, lakini kwa nati hatutaki msemo huo.

SPANA YA MIZANI: Kulegea ni ubaya, miye sikatai. Ila aliyelegea na aliyekazwa kupita kiasi hufika mahali pamoja, tena huyu wa pili hufika huku mwenye gari akiwa hana wasiwasi. Na hayo yote si ya nguvu peke yake. Fundi humkaza mmoja hadi mwisho ndipo amwendee jirani yake. Rimu inakaa upande. Angeanza kwa mkono, nati zote zikae, kisha aruke: huyu, halafu yule wa mbali, kama anachora nyota. Safari ikaanza. Tukitoka hapa, Segera ni kilomita 60 hivi. Dereva akifika njia panda anywe chai, arudie kupima. Dakika 2.

BOMBA: Nani ashuke Segera kurudia kazi iliyokwisha? Hiyo ni kumtukana fundi!

NATI: Shemeji, waijua habari ya nyuki? Novemba 1914, Waingereza waliteremsha hapa Tanga askari elfu 8 hivi kutoka India, na waliopambana nao walikuwa elfu 1 hivi tu. Hesabu ya nguvu ilikuwa upande wao, kama weye. Wakaondoka mbio, na nyuki wa mizingani nyuma yao.

BOMBA: Nyuki hawakazi nati.

(Hapo, nikiri, Bomba alikuwa na hoja.)

BOMBA: Halafu mzee, hebu sema ukweli. Kichwa chako kimepondeka. 103 yako ni 103 bado?

SPANA YA MIZANI (baada ya muda): Sijui. Nilitakiwa nilazwe nimelegezwa hadi namba ya chini kabisa, niwe ndani ya kasha langu. Hapa nimepigishwa rimu mwaka mzima. Huenda nasema "ta" kwenye 80, huenda kwenye 130. Na mtu huniamini kwa sababu nina namba.

STIKA: Gari hili...

WOTE: Nyamaza!

NDOO: Miye ni mtu wa kutafutia pancha tu, sina elimu. Lakini hiyo 103 ni kilo ngapi kwa lugha ya watu?

SPANA YA MIZANI: Ni kilo 10 na nusu, shangazi, zikining'inizwa mwisho wa mpini wa mita 1, mpini umelala sawa na ardhi.

NDOO: Miye nina nusu kilo. Nikijaa nachukua lita 10 za maji, na lita ya maji ni kilo. Si ndiyo miye huyo?

SPANA YA MIZANI: Subhanallah. Na mpini wa mita 1...

NDOO: Amelala hapo kaegemea mwembe.

BOMBA: Miye? Nibebe ndoo?

SPANA YA MIZANI: Uzito wako nao uhesabiwe. Una kilo 3, zimetandazika urefu wote, kwa hiyo mwishoni ni kama kilo 1 na nusu. Shangazi, upunguze maji, lita 8 na nusu zitosha. Wakuning'inize, Bomba akishuka polepole mpaka atulie, basi. Asiongezwe mtu.

BOMBA: Miye nilibeba maji ya shamba zima! Leo nitundikwe ndoo kama msumari wa ukutani, watu wapite barabarani wanione? Na fundi je, akae tu atazame? Mteja atalipa nini? Mteja halipii nati, halipii 103. Hulipia jasho! Fundi asiyetoa jasho, watamwambia kazi ya dakika 2 wamdai chenji.

(Hakuna aliyejibu. Adhana ya alfajiri ikasikika, na kunguru wakaanza.)

Fundi alirudi saa kumi na mbili na nusu. Akachomeka Bomba kwenye mpini wa spana, akaweka mguu, akapumua. Nati ikazunguka kidogo, ikalia, kisha pakatoka "ta!" Si ile ya kipimo. Boliti alikatika shingoni, na Nati akaangukia mchangani na nusu ya mumewe ndani.

"Si kitu, bosi," fundi akasema. "Zimebaki nne. Hizi nazikaza haswa."

Nami niliyekesha nikisikiliza yote, nikausikia mdomo wangu unasema: "Kaza haswa, fundi, nina safari."

Akakaza. Kwa mguu. Jasho likamtoka, nikampa na ya chai. Ndoo ilikuwa imejaa pale chini ya mwembe. Akanawa mikono, akayamwaga maji.