Jinsi ya Kuudanganya Mkanda wa Tumbo

Hongera. Umelala kwenye meza ya upasuaji, umelipa pesa ambazo ndugu zako wangezijengea nyumba, na sasa una pete ya silikoni iliyofungwa sehemu ya juu ya tumbo lako. Daktari amekupa karatasi ya masharti. Ikunje vizuri, uiweke ndani ya Biblia, pale kwenye Mambo ya Walawi, ikae pamoja na masharti mengine ya chakula ambayo hakuna anayeyafuata hapa Kakamega. Kisha sogea karibu. Mimi ni mwenzako wa mkanda, na nina maneno ambayo kwenye karatasi hayamo.

Kwanza umjue adui. Mkanda haukati utumbo wala hauondoi kitu. Unalibana tumbo pale juu, kinabaki kijitumbo kidogo cha kukaribia yai la kuku, na chakula kinapita polepole kuingia tumbo kubwa. Kutoka kwenye pete hiyo unashuka mrija mwembamba hadi kwenye kidude kilichofichwa chini ya ngozi. Daktari akikidunga sindano na kuongeza maji ya chumvi, pete inakaza, akiyavuta, inalegea. Mpasuaji Lubomir Kuzmak aliyekuwa Marekani alianza kuwawekea wagonjwa mkanda wa aina hii unaokazwa mwaka 1986, na serikali ya nchi hiyo ikauidhinisha mwaka 2001. Ni mtambo mwerevu sana mbele ya chakula kigumu. Mbele ya kitu kinachotiririka, ni kipofu kabisa. Shika hapo hapo. Kila nitakachokufundisha kinatoka hapo.

1. Tunga hadithi kabla kilo hazijaanza kushuka

Usiseme ulifanyiwa upasuaji. Ulikuwa semina Naivasha. Wiki mbili. Semina ndefu.

Tatizo litaanza mwezi wa tatu, suruali ikianza kuomba mshipi. Huku kwetu mtu mnene hana maswali ya kujibu: kitambi ni ushahidi kwamba mambo yake yanakwenda. Mtu anayekonda ndiye anayefunguliwa faili. Usipowapa majirani maelezo, watakutungia wao, na watakayokutungia yatakuwa ama ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona, ama deni, ama mke wa pili. Kwa hiyo wahi. Sema unapanda kilima cha Lirhanda kila Jumamosi alfajiri. Sema unazunguka uwanja wa Bukhungu mara kumi kabla ya kazi. Nunua viatu vya mazoezi, uvipake matope kidogo, uviache mlangoni. Mkeo akijua ukweli, mwapishe. Mama yako asijue kabisa, kwa sababu mama akijua, kanisa zima litafunga na kuomba kwa ajili ya tumbo lako, na watakutaja kwa jina.

Pia weka akiba ya uongo wa pili: vidonda vya tumbo. Huu ni wa dharura. Nusu ya wafanyakazi wa ofisi nchini wana vidonda vya tumbo au wanasema wanavyo, kwa hiyo hakuna atakayeuliza. Tena una faida ambayo hukuitarajia. Ukimwambia mwenye duka la dawa kwamba una vidonda, hatakuuzia diclofenac wala ibuprofen kwa maumivu ya mgongo, na dawa hizo kweli hazimfai mwenye mkanda. Zinachubua tumbo, na pete inaweza kulila ukuta taratibu mpaka ikaingia ndani. Ni mara chache mtu hulindwa na uongo wake mwenyewe. Furahia.

2. Wiki za vinywaji: soma karatasi kama wakili

Masharti yanasema wiki mbili hivi za vinywaji vyepesi, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na vigumu ukikaribia wiki ya sita. Wana sababu. Mpasuaji ameushonea mkanda kwa ukuta wa tumbo lenyewe ili usihame, na kovu linahitaji muda kushika. Ukila kigumu mapema ukatapika, unaweza kuuhamisha kabla haujatulia.

Wewe hiyo sababu iruke. Simama kwenye neno "vinywaji". Chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari ni kinywaji. Soda ya nusu lita, yenye takriban gramu 50 za sukari, ni kinywaji. Aiskrimu ukiipa dakika ishirini kwenye jua la Kakamega ni kinywaji. Uji wa wimbi ambao daktari alimaanisha mwepesi, bila sukari, utie siagi na njugu zilizosagwa. Bado unateremka, na sheria inasema tu uteremke. Vyote hivyo vitapita kwenye pete bila kupiga hodi. Kilo nazo zitabaki pale pale, kama wageni wa matanga.

Busaa je? Swali zuri. Ni kinywaji, inanyonywa kwa mrija, na wazee waliozunguka chungu watakuonea fahari. Daktari anakataza pombe, anakataza mrija kwa sababu unavuta hewa, na anakataza kinywaji chenye gesi. Umevunja masharti matatu kwa fundo moja. Kwa mwanafunzi wa mwongozo huu, hiyo ni alama A.

3. Ugali

Hapa ndipo mabingwa hupatikana. Mluhya aliyekula wali, chapati, viazi na nyama, bila ugali, atakuambia mchana huo hakula. Na ugali ndio mkanda unaouchukia kuliko vyote, pamoja na mkate laini na nyama ngumu. Tonge likifika pale juu linajikusanya, linakaa, halipandi wala halishuki. Utahisi kama mtu amekukanyaga kifuani. Mate yatajaa mdomoni, kisha povu. Utatoka mezani ukitabasamu, utarudi macho mekundu.

Njia rahisi ni kutokula ugali lakini uonekane unakula. Pokea sahani kubwa. Mega tonge, ulifinyange, uliongeleshe. Eleza habari za siasa huku tonge likiwa hewani. Kakamega hakuna atakayekukatiza habari za siasa ili umalize kutafuna. Lichovye kwenye mrenda, nyonya mrenda, rudisha tonge mahali pake. Mrenda ni rafiki yako wa kweli. Unateleza wenyewe, na ingawa lengo letu hapa si afya, nasikitika kukujulisha kwamba mrenda unafaa kwa afya. Baada ya nusu saa umekula mboga vijiko sita, na watu wameona mikono yako ikifanya kazi.

Njia ya pili ni ya wajasiri: kushushia kwa maji. Karatasi inasema usinywe chochote unapokula, na ukimaliza ungoje nusu saa au zaidi. Maana yake ni kwamba chakula kikikaa kile kijitumbo cha juu, ndicho kinachokupa kushiba. Ukikisukuma kwa maji, kinapita, kijitumbo kinabaki kitupu, na unaweza kumaliza sahani nzima kama zamani. Umelipa pesa za nyumba, ukaitoa pete kazini kwa glasi ya maji ya bomba. Tafadhali usiniambie huo si ujanja.

4. Firigisi

Nimeipa hatua yake kwa sababu ndiyo iliyotuangusha wengi.

Senje, yaani shangazi, amekuja kutoka Ikolomani. Amekuja na jogoo. Amemchinja mwenyewe, amempika mwenyewe, na wewe ndiwe baba wa nyumba. Kwa hiyo imondo, yaani firigisi, ni yako. Huwezi kuikataa, imondo haikataliwi. Itawekwa mbele yako peke yake, na watu watanyamaza kidogo kukutazama ukiila. Na kati ya nyama zote alizoumba Mungu, firigisi ya jogoo wa kienyeji ndiyo iliyo karibu zaidi na mpira wa gurudumu. Daktari anasema utafune kila kipande mara ishirini, thelathini. Firigisi ikitafunwa mara thelathini inakutazama tu.

Fanya hivi. Simama. Kohoa. Mshukuru senje kwa majina yake yote mpaka ya ukoo. Kisha mwite kijana wako wa kwanza, na useme kwamba umefika umri wa kuanza kukabidhi mambo. Mkabidhi. Wazee watatikisa vichwa kwa kuridhika, senje atafuta machozi, kijana atatafuna. Umepata sifa ya hekima kwa sababu ya milimita chache za silikoni. Tahadhari moja tu: hotuba hii haitumiki mara mbili. Mgeni wa pili akija na jogoo, una vidonda vya tumbo.

5. Kukwepa sindano

Mkanda hauwekwi ukaisha. Baada ya wiki sita hivi unarudi kukazwa kwa mara ya kwanza, kisha unarudi tena, na tena, mpaka mfike mahali ambapo unakula kidogo, unashiba, na hutapiki. Kazi yote ya mkanda iko hapo. Na hapo ndipo barabara inapokusaidia kushindwa. Ukiwa umefanyiwa Nairobi, sindano ya dakika kumi inakula siku nzima ya safari na nauli ya kwenda na kurudi. Ukiwa umefanyiwa India, pole. Itabidi utafute mtu anayejua kukipapasa kidude, anayejua ni cha aina gani na kinabeba maji kiasi gani. Uliza hayo kabla ya kupanda ndege, kama unataka kuniharibia mwongozo.

Wavivu hawarudi kabisa, na mkanda wao unabaki pambo. Wenye majivuno hurudi na kuomba wakazwe mpaka maji yenyewe yapite kwa shida. Hawa ndio ninaowapenda. Wanadhani kukazwa ni bidii. Kumbe mtu aliyebanwa kupita kiasi hawezi tena kula kuku, maharage wala sukumawiki, kwa hiyo anahamia vile vinavyopita: chokoleti, keki iliyolowekwa chai, krispi zinazoyeyuka mdomoni. Usiku anaamka na kiungulia. Kijitumbo kinatanuka. Anateseka kwa uaminifu na ananenepa kwa uaminifu.

Na daktari akikuuliza unakula nini, jibu "kawaida". Neno hilo halijawahi kumsaidia daktari yeyote.

6. Tafuta mwenzako, kisha umdanganye

Mkiwa wawili mnaojuana mna mkanda, mtataka kukutana. Msikutane nyumbani. Kaeni kwenye bustani ya Muliro Gardens. Watu watadhani ni mapenzi, waache. Kwa mji huu mapenzi ni siri nyepesi kuliko mkanda.

Mkikaa, fuata adabu. Usimuulize kilo. Akisema anaendelea vizuri, usimuulize anakula nini, ili naye asikuulize. Mpe majina ya maduka yenye aiskrimu laini. Mwambie kutapika kila siku ni jambo la kawaida, hata wewe unatapika. Ajisikie yuko nyumbani. Si la kawaida, na ukimwambia ukweli huo pengine utamwokoa, lakini basi itabidi umweleze umejuaje.

Yupo mwenzangu mmoja, simtaji, ambaye hana adabu hii. Anafungua daftari dogo, anasoma: asubuhi yai moja, mchana maharage vijiko vinne, saa kumi soda, kwa sababu bosi alinikasirisha. Anasoma na soda. Kisha anasubiri usome yako. Ukikaa na mtu wa namna hiyo miezi mitatu, mwongozo huu hautakufaa tena. Mkwepe.

7. Kilo zikirudi

Laumu mkanda. Hapa una mashahidi. Mwaka 2011 wapasuaji wa Brussels walichapisha habari za wagonjwa waliofuatiliwa zaidi ya miaka 12: karibu nusu ya mikanda ilikuwa imeshaondolewa. Duniani wapasuaji wengi wamehamia upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo lenyewe. Kwa hiyo sema kwa sauti ya mtaalamu kwamba teknolojia ilikuwa ya zamani. Usitaje aiskrimu.

Lakini kuna siku moja ambayo sina ujanja wa kukupa. Ikiwa maji hayashuki tena, au unatapika bila kukoma, au tumbo linauma ghafla na halipoi, mkanda huenda umehama au kitu kimeziba, na huo si wakati wa kungoja asubuhi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika mapokezi utaje mkanda kabla hujataja jina lako. Mara nyingi jambo la kwanza ni kuyavuta maji yaliyo ndani ya pete, na anayekupokea hawezi kufikiria hilo kama umemwambia una vidonda vya tumbo. Mwambie na mkeo leo kidude kiko upande gani, kwa sababu siku hiyo huenda ni yeye atakayeongea.