Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika: Shukrani kwa Foleni ya Mpemba

Kwa Mamlaka Husika,
Popote mlipo.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI KWA FOLENI YA MALORI



Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Nawaandikia kwa jina la Mamlaka Husika kwa sababu ndilo ninalolisikia kila hotuba inapokaribia kwisha: mamlaka husika zitachukua hatua. Sijui ofisi yenu iko ghorofa ya ngapi, wala mlangoni pameandikwa nini, ila nina imani barua itawafikia. Hata malori ya shaba kutoka Kongo, kwa tabu zote hizo, hatimaye hufika Dar es Salaam.

Kwanza hongereni. Wenzenu wa mikoa mingine wanahangaika kuvuta watalii. Wanacheza filamu, wanapeleka vipeperushi kwenye maonesho ya Ulaya, wanavalisha watu lubega uwanja wa ndege. Ninyi hapa Mpemba, kilomita chache kabla ya kufika mpakani Tunduma, mmegundua njia rahisi kuliko zote: mgeni habembelezwi, anazuiwa. Foleni ikishajipanga vizuri, dereva hana pa kwenda. Atakula kwa mama lishe, ataoga, atafua suruali na kuianika kwenye kioo cha pembeni cha lori, atalala, ataamka, atakuta lori la mbele liko palepale, naye atalala tena. Wataalamu wa utalii duniani wanakesha wakitafuta namna ya kumfanya mgeni akae usiku wa pili. Hapa suala hilo tumeshalimaliza.

Nakiri niliingiwa na hofu Oktoba 2019, marais wa Tanzania na Zambia walipozindua Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Tunduma na Nakonde. Ahadi ilikuwa gari lisimame mara moja tu badala ya mara mbili. Nikasema basi, biashara ya vyumba imekufa. Kumbe wasiwasi wangu ulikuwa wa bure. Siku foleni inapokolea, lori husimama mara moja kweli, halafu halisogei.

Hoteli niliyofikia naomba nisiitaje; kosa lake si la peke yake. Mapokezi nilikabidhiwa kile kitabu kikubwa cha wageni chenye safu zake: jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda. Kalamu imefungwa kwa uzi. Nikapitisha macho safu ya mwisho ya ukurasa: Ndola, Kitwe, Lubumbashi, Dar, Lusaka, Lubumbashi, Kolwezi. Mimi nikaandika Ndolezi. Dada wa mapokezi akasoma, akarudia.

"Ndolezi ni Zambia upande gani, kaka?"

"Si Zambia, dada. Ni hapahapa Mbozi, kwenye kimondo."

"Aaa. Unakwenda kikazi?"

"Kutembea tu."

Akaniomba tena kitambulisho.

Simlaumu. Ukutani nyuma yake palikuwa na kalenda, bei za vyumba, na tangazo kwamba mali isiyokabidhiwa mapokezi ikipotea uongozi hautahusika. Kuhusu nchi inayoizunguka hoteli hiyo, hapakuwa na hata picha moja. Ndani kuna uongozi usiohusika, nje kuna mamlaka husika, na katikati yupo mgeni ameshika rimoti.

Sasa niwaeleze mnachokalia, kama mlikuwa na shughuli nyingi hamjapata nafasi ya kuangalia.

Kimondo cha Mbozi mnakijua, maana hupigiwa picha na kila msafara wa viongozi. Ni pande la chuma na nikeli, lenye urefu wa mita tatu hivi, ambalo dunia ya wanasayansi ililifahamu mwaka 1930 baada ya mpima ardhi W. H. Nott kuripoti habari zake. Maandiko mengine yanasema lina tani 12, mengine tani 16; nadhani ndicho kimondo pekee kinachonenepa kikiwa kimetulia. Udongo uliolizunguka ulichimbwa, likaachwa limekaa juu ya kiguu chake kama mzee kwenye kigoda. Siku hizi liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Jiwe lilitoka angani likachagua kusini, lakini ili litambulike ilibidi litafutiwe mlezi kaskazini.

Ila Ivuna? Mara ya mwisho kumsikia kiongozi akiitaja Ivuna bila kuzungumzia chumvi au barabara ni lini? Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka huko Ivuna, wilayani Momba, kimondo kingine, kidogo mno, gramu zipatazo 705, ambazo ni pungufu ya kilo moja ya sukari. Hakina umbo la kupigia picha. Ni cheusi, laini, chepesi kumeguka. Lakini mchanganyiko wake unakaribia sana ule wa Jua lenyewe, ukiondoa gesi, na vya aina yake vilivyookotwa duniani vinahesabika kwa vidole. Wanasayansi wakaliita kundi hilo zima CI, na hiyo I ni Ivuna. Profesa wa Tokyo au Houston anayefundisha asili ya sayari anaitaja Momba darasani, ajue asijue. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia Asilia ya London ilinunua kipande chake na kukitunza kwa uangalifu mkubwa. Wajapani nao walirusha chombo chao Hayabusa2 Desemba 2014, kikaenda hadi kwenye sayari ndogo ya Ryugu, kikarudi Desemba 2020 na vumbi la gramu tano na kidogo. Walipolipima wakakuta linafanana zaidi na vimondo vya jamii ya Ivuna. Miaka sita angani kufuata kitu ambacho sisi tulishushiwa bure.

Nilimsimulia habari hii dereva mmoja wa Kitwe tukiwa tunasubiri chipsi. Akafikiri kidogo, akauliza: "Hao Wajapani, huko nako walikaa foleni?"

Yapo na mengine, nitayapitia harakaharaka. Hapahapa Mpemba ndipo inapochepuka barabara ya Ileje, takriban kilomita 50 za lami mpaka Isongole, mpakani na Malawi. Mtu anaweza kunywa chai Mpemba, mchana akaitazama Malawi, jioni akarudi Tunduma kusikia bei zikitajwa kwa shilingi na kwacha kwa pumzi moja. Kahawa ya arabika inalimwa Mbozi, na Mbimba kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Asubuhi hotelini nililetewa chupa ya maji moto na kopo la kahawa ya unga iliyotoka upande wa pili wa nchi. Nikainywa huku nikiangalia mibuni dirishani.

Na kwa anayetaka kuja kwa ndege, tahadhari: Uwanja wa Ndege wa Songwe hauko katika mkoa huu wa Songwe. Uwanja ulianza kazi 2012, mkoa ukazaliwa 2016, na kwenye mgawanyo wa mirathi Mbeya ikabaki na ndege, sisi tukapewa malori. Hata ule mradi wa kukuza utalii wa kusini uliozinduliwa Iringa mwaka 2018, uliokuja kufa kabla ya wakati wake mwaka 2024, ulikuwa na hifadhi nne za kipaumbele: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na iliyokuwa Selous. Kusini kulikoishia Ruaha! Sisi wa huku chini tuko wapi, Antaktika?

Napendekeza basi foleni itangazwe rasmi kuwa hifadhi. Wanyama wakubwa wapo, wa magurudumu ishirini na mawili, na hawahami na msimu. Kiingilio mnaweza kutoza tu, dereva ameshazoea kulipa bila kuuliza.

Pendekezo hilo likiwa gumu, ninalo jingine ambalo halihitaji mkopo wa nje wala mshauri mwelekezi. Kila gesti na hoteli kuanzia Vwawa hadi Tunduma ipewe karatasi moja ya kubandika ukutani, pembeni ya lile tangazo la uongozi usiohusika: ramani ya mkoa, Ndolezi, Ivuna, Isongole, umbali kwa kilomita, na nauli ya kawaida ya bodaboda ili mgeni asikamuliwe. Ushuru wa vyumba unakusanywa huku kila siku. Chapisheni hata kwa wino mweusi.

Wenu katika kusubiri,

Mgeni wa Mpemba

Nakala: Kwa dereva yeyote aliyeko kwenye foleni. Ndugu, wakisema leo haisogei, mwachie utingo lori. Barabara ya Isongole ni lami, na jioni utamkuta palepale.