Naomba chupa ya chai iwe mdhamini wangu

Kwa Meneja Rasilimali Watu,
Ghorofa ya pili, mlango wenye zulia,
Jijini Mbeya.

YAH: OMBI LA KUITAMBUA CHUPA YA CHAI KAMA MDHAMINI WANGU WA KWANZA

Mkuu, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangazo lako la kazi limenifikia hapa Kyimo kwa WhatsApp. Limetumwa na binamu, na mwalimu wangu wa sekondari, na katibu wa kwaya, kila mmoja akiongeza maneno "changamkia fursa". Nimelisoma kwa heshima zote. Unamtafuta Afisa Masoko Msaidizi mwenye shahada ya kwanza ya biashara, umri usiozidi miaka 25, uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3.

Kwa kuwa hesabu ni sehemu ya shahada yenyewe, nimepiga hesabu. Ili nikufae, ilinipasa niwe kazini tangu nikiwa na miaka 22. Nilipokuwa na miaka 22 nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Na mwaka wa pili, Mkuu, chuo kilinituma kwenda fildi, na fildi yenyewe ilikuwa ofisini kwako.

Hunikumbuki? Mimi ndiye yule "we dogo wa fildi". Hilo ndilo jina nililotumia kwa wiki nane.

Nikukumbushe kidogo. Mimi ni mjukuu wa mkulima wa chai. Shamba la bibi liko upande wa Katumba, na tangu utotoni najua kwamba chai huchumwa majani mawili na chipukizi, na kwamba jani lisipofika kiwandani siku hiyohiyo linakuwa takataka. Nilikwenda kusoma biashara ili nielewe kwa nini bei ya kilo shambani na bei ya pakiti dukani hazijawahi hata kusalimiana. Somo la mnyororo wa thamani nililifaulu vizuri. Kisha nikaja kwako niuone mnyororo huo kwa vitendo, nawe ukanikabidhi pete yake ya mwisho kabisa, yaani kumimina chai.

Sikulalamika. Nilijaza kitabu changu cha kumbukumbu kwa lugha ya chuo, kama tulivyofundishwa na waliotutangulia. Kununua chapati nikaandika "usimamizi wa ugavi". Kuonja kama sukari imekolea nikaandika "udhibiti wa ubora". Siku niliyotumwa kumfuata mwanao shuleni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, niliandika "huduma kwa mteja". Ijumaa ya mwisho katibu muhtasi wako alisaini wiki zote nane kwa mkupuo, kalamu moja, huku akiongea na simu. Msimamizi kutoka chuoni alikuja mara moja. Aliniuliza kama nina changamoto yoyote, wewe ukiwa umesimama pembeni. Nikasema sina. Akanywa vikombe viwili, akaisifia chai, akaondoka. Nilipata B+. Mpaka leo sijui alama ile ilikuwa yangu au ya chai.

Sasa tangazo lako linataka wadhamini watatu "wanaoufahamu utendaji wa mwombaji". Ndipo lilipo ombi langu. Wewe huufahamu utendaji wangu. Katibu muhtasi wako haufahamu. Aliye pale ofisini anayeufahamu ni mmoja tu, chupa ile nyekundu yenye maua meupe, iliyopasuka kidogo mpini na kufungwa kwa gundi ya karatasi.

Tafadhali usilichukulie ombi hili kama utani. Chupa hiyo imehudhuria vikao vingi kuliko mjumbe yeyote wa menejimenti. Siku ya kujadili bajeti ya masoko, ambayo ndiyo niliyokuja kujifunza, mimi niliambiwa nifunge mlango nikiwa nje. Chupa ilibaki ndani. Ilikaa katikati ya meza, karibu na makabrasha, ikasikia kila tarakimu. Kwa hiyo ina uzoefu wa mipango ya bajeti ambao mimi sina, na kwa mujibu wa tangazo lako nadhani inastahili nafasi hii kunishinda. Haijachelewa kazini hata siku moja. Haijawahi kuomba ruhusa ya msiba. Imekaa hapo zaidi ya miaka 3, kwa kuwa niliikuta imezeeka, na sidhani kama imevuka 25.

Naomba basi chupa iitwe rasmi siku ya usaili. Mimi mwenyewe niko tayari kuifuata mapema na kuipanga mbele ya jopo, mfuniko ukiwa umefungwa vizuri isije ikaropoka. Mjumbe wa kwanza aiulize: mwombaji alifika saa ngapi? Itajibu, kwani saa moja na nusu asubuhi ilikuwa imeshajaa maji ya moto. Wa pili aiulize kuhusu uadilifu: je, mwombaji aliwahi kudokoa? Itikiswe, wasikilize. Wa tatu, yule wa kuuliza maswali ya kiufundi, aiulize mwombaji alijifunza nini kuhusu masoko katika wiki nane. Hapo itanyamaza. Naomba ukimya huo uandikwe kwenye muhtasari wa kikao neno kwa neno.

Ikipendeza, ipewe pia posho ya kikao. Mimi sikupewa.

Na hapa, Mkuu, niruhusu nishushe kikombe kidogo. Kila siku ya kazi nilitoka Kyimo saa kumi na moja alfajiri, ukungu umelala barabarani, nikidandia Kosta kupitia Kiwira na Igawilo, nikibadilisha gari Uyole. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi. Mama hana mshahara. Anauza ndizi hapa barabarani, na mwezi ule ndizi zilikuwa bei ya kutupa. Aliuza ndama. Ndama wa ng'ombe wa maziwa, Mkuu, mtambo wenyewe wa familia, ili mwanawe akajifunze biashara kwako. Kisha unaandika kwamba sina uzoefu. Ulikuwa nao mkononi, ukauwekea majani na sukari, ukaunywa! Kama ulitaka mtumishi wa jikoni, ungeajiri mtumishi wa jikoni ukamlipa. Unaogopa kumlipa, ndiyo maana kila muhula unaandikia vyuo barua kwamba "tunapokea wanafunzi".

Samahani. Nimepandisha sauti mbele ya mkubwa. Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa uvumilivu wako.

Turudi kwenye mambo ya kistaarabu. Baba mdogo hupenda kunisimulia Azimio la Musoma la Novemba 1974, pale chama tawala kilipoamua kwamba kijana wa kidato cha sita aende kwanza kazini, alete na barua ya mwajiri na ya tawi la chama, ndipo aingie Chuo Kikuu. Masharti yale yalikuja kulegezwa, na waliolalamika walikuwa na sababu zao. Lakini angalia ustaarabu wake: waliodai uzoefu walikubali kwanza kukuajiri. Mwaka huohuo 1974, huko Stuttgart na Mannheim, Ujerumani, kilianzishwa chuo ambacho mwanafunzi wa biashara hukaa darasani miezi mitatu na kwenye kampuni miezi mitatu, kwa zamu, akiwa na mkataba na mshahara wa kila mwezi. Tangu 2009 kina hadhi ya chuo kikuu. Wajerumani waliwahi kukaa hapa kwetu, wakajenga boma Tukuyu, wakapaita Neu Langenburg. Mambo ya kumlipa mwanafunzi waliyabuni wakiwa wameshaondoka. Ndiyo bahati yetu ilivyo.

Nina maombi mengine madogo. Cheti cha kuzaliwa kiwe kinatolewa kikiwa na uzoefu wa miaka 3 ndani yake. Nafasi yenye mwenyewe itangazwe kwa jina la mwenyewe, tuokoe fedha ya fotokopi. Neno "kujitolea" likome kutumika kwa mtu aliyetolewa. Na ile asilimia 15 ya mshahara ambayo sheria inamtaka mwajiri amkate mnufaika wa Bodi ya Mikopo, mimi niko tayari hata kesho. Naomba tu mshahara wa kukatwa.

Kwa sasa nasimamia ndizi za mama. Nanunua mikungu shambani, najua lori la Dar linapakia siku gani, najua barabara ya kijijini ikikatika kwa mvua bei itakuwaje kesho yake, na mwezi uliopita nilimkopesha mteja vibaya nikapata hasara niliyoielewa mwanzo hadi mwisho. Najua uzoefu huu nao hauhesabiki, hauna muhuri.

Mwisho, lipo deni. Wiki ya sita sukari iliisha ukiwa na wageni, ukaniambia ninunue kilo moja utanirudishia jioni. Jioni ile uliondoka mapema. Risiti ninayo.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Dogo wa fildi,
Kyimo, Rungwe.