Vidole Kumi, Mtu Hayupo

Mashine imevikataa vidole vyangu vyote kumi, na mke wangu, Mama Zuena, alikuwa pembeni akishuhudia. Binti wa dirishani alianza kwa adabu: "Baba, weka tena." Nikaweka. "Bonyeza kidogo." Nikabonyeza. "Usibonyeze sana." Akanipa pamba yenye spiriti, nikafuta. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi, na foleni nzima ya viza ikageuka kuitazama mikono yangu. Kwenye skrini palionekana ukungu mtupu, kama ziwa alfajiri. Bosi akauliza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Mzee, kwani unafanya kazi gani?"

Navua.

Kumbe kile kioo cha kuwekea vidole kina maajabu yake. Ndani mna taa, na mwanga wake hupiga kioo kwa chini ukarudi kwenye kamera. Pale tuta la ngozi linapogusa kioo, mwanga haurudi, hivyo tuta hutoka jeusi na bonde hutoka jeupe. Kompyuta hutafuta mahali tuta linapokatika na mahali linapogawanyika panda mbili, ikapima umbali na mwelekeo, na hesabu hiyo ndiyo wewe. Matuta hayo hujichora mtoto akiwa bado tumboni, na hata mapacha wanaofanana sura hutofautiana hapo. Nilinogewa hadi nikamwomba binti anigeuzie skrini nione vidole vya Mama Zuena. Vilikuwa vimetoka safi, kila tuta mahali pake, na huyu ndiye anayeanika dagaa mchangani mwaka mzima!

Vyangu vimelika kwa kamba za wavu. Fundi uashi naye saruji humla vidole hivyo hivyo, na mkulima naye mpini wa jembe. Anayepita bila maswali ni mshika kalamu. Wametengeneza mashine ya kumtambua mtu kwa mikono yake, halafu inamkosa yule anayeitumia mikono hiyo.

Bosi akashika fomu. "Kagunga? Si Burundi huko?" Nikamwambia ni Tanzania: unapanda boti Kibirizi, unaipita Gombe ya masokwe, unaendelea kaskazini hadi karibu na mpaka. "Aah, kule kwa wakimbizi!" Naam, mwaka 2015 Warundi kwa maelfu walijaa ufukweni kwetu, wakisubiri MV Liemba iwapeleke Kigoma. Gati halikuwepo wakati huo, kwa hiyo meli ilisimama majini na watu wakapelekwa kwa boti ndogo. Kijiji kiligawana nao maji na vyoo, na kipindupindu kilipoingia tukagawana nacho pia. Sikumwona mwanakijiji aliyemdai mtu vidole kabla ya kumpa maji. Leo Mtanzania mwenzangu, ndani ya Tanzania, ananikodolea macho kana kwamba nimeiba jina la kijiji changu. Hilo halikunichekesha, wala halinichekeshi sasa.

Mengine yalikuwa madogo. Picha zilirudishwa kwa sababu ya rangi ya nyuma. Simu yangu ilibaki Kariakoo na mtu nisiyemjua. Dodoma, iliyoteuliwa kuwa makao makuu tangu 1973, tuliipita kwa treni tumelala, kwa kuwa balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam. "Kwa hiyo mji mkuu tumeuona?" Mama Zuena aliuliza. Nikamjibu tumeukoromea.

Viza yake imetoka. Yangu inasubiri, na mjukuu wetu huko ughaibuni ameambiwa bibi yupo, babu anahakikiwa.

Mvuvi mwenzangu, ukipata miadi ya viza, weka wavu chini wiki kadhaa kabla, maana ngozi hujirudi ikipumzishwa. Paka mafuta ya mgando kila usiku. Mawese usithubutu, yataacha rangi kwenye kioo chao. Nanyi wenye madirisha, bandikeni ukutani ramani ya Tanzania, tena ile inayofika mpaka Kagunga.