Mali Yangu Wanaijua, ya Mheshimiwa Je?

Hapa Rumonge mali yangu haina siri. Niteremshe madebe ya mawese sokoni, na kabla sijayapanga vizuri mtoza ushuru ameshayahesabu, tena kwa ukarimu: mimi nina matatu, yeye ameona matano. Nikinunua gunia la ndagala, yaani dagaa, kwa wavuvi kule ufukweni, kuna mwenye daftari anayeandika. Nikilipakia garini kulipeleka Bujumbura, safari ya kilomita sabini na kitu tu, kila kizuizi kina kijana wa kulifungua, kuingiza mkono, kunusa, kisha kuniuliza: limetoka wapi, linakwenda wapi, na pesa ya kulinunua umeipata wapi?

Swali hilo la tatu ndilo linalonichoma. Si kwamba ni baya. Ni swali zuri sana, na limeandikwa hata katika sheria za nchi. Shida ni kwamba huko lilikoandikwa, anayetakiwa kuulizwa si muuza mawese.

Katiba ya Burundi ya 2005 ilisema wazi kwamba Rais, makamu wake na mawaziri, wakiingia madarakani na wakitoka, waandike mali zao na kuzipeleka Mahakama ya Juu. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Aprili 2006, ikatoka sheria ya kuzuia na kuadhibu rushwa, ikaongeza mengine. Ndani yake mna kosa la kujitajirisha kinyume cha sheria: ukiwa mtumishi wa umma na mali yako ikavimba kuliko mshahara wako, ueleze. Ukishindwa kueleza, ni jinai. Soma tena taratibu: pesa umeipata wapi? Ni swali lile lile la kijana wa kizuizini, ila limevaa suti na tai.

Basi tangu 2006 mpaka leo nimekaa nasubiri kusikia mheshimiwa mmoja akisema hadharani: ndugu zangu, ninaingia ofisini na nyumba moja, ng'ombe kadhaa na deni la benki. Watoto waliozaliwa mwaka huo wameshapiga kura. Shirika la OLUCOME, linalopigana na rushwa na wizi wa mali ya umma chini ya Gabriel Rufyiri, limedai jambo hilo mwaka hadi mwaka, kwa barua na kwa matangazo. Na kudai huko hakukuwa mchezo. Makamu wa rais wa shirika hilo, Ernest Manirumva, aliuawa Bujumbura Aprili 2009. Hapo sina mzaha.

Lakini mzaha unarudi nikikumbuka Juni 2023. Tarehe 7 ya mwezi huo Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa, na kila mwenye nazo azipeleke benki ndani ya siku kumi. Siku kumi! Mji mzima ulitangaza mali. Bibi aliyekuwa na akiba ndani ya mto wa kulalia aliutangaza mto. Mvuvi aliyefukia kopo chini ya mchikichi alilifukua mchana kweupe, majirani wakihesabu naye. Kuna mabwana waliokuwa wakilia shida kila wiki mbele ya wake zao, wakaonekana foleni na mfuko wa nailoni umejaa, na wake zao wako nyuma yao kwenye foleni hiyo hiyo na mifuko yao ambayo bwana hakuijua. Ndoa zilitikisika pwani nzima, kutoka Minago mpaka Nyanza-Lac. Na kwenye dirisha la benki, ukileta nyingi, unaulizwa: mzee, hizi umezipata wapi?

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kutangaza mali ni kazi ngumu inayohitaji muda. Wavuvi, wauza dagaa na bibi zetu, wengine hawajui kusoma, waliimaliza kwa siku kumi. Wenye shahada wamepewa miaka ishirini na bado wanatafuta kalamu.

Ukiwauliza watetezi wao pale kwenye kibanda cha chai, watakuambia ni utamaduni: Mrundi hahesabu ng'ombe wake hadharani, ni kutafuta kijicho. Loo! Aliyesema hivyo hajawahi kukaa kwenye posa. Kwenye mahari ng'ombe wanahesabiwa mbele ya koo mbili, wanasifiwa, wanajadiliwa, na mjomba mmoja lazima aseme ni wachache. Nasi Waislamu wa pwani hii ndiyo kabisa. Shehe hafungishi ndoa mpaka mahari yatajwe kwa sauti mbele ya mashahidi: ni kiasi gani, na ni taslimu au ni deni? Kijana wa miaka ishirini na mbili, jasho linamtoka, anatangaza mali na madeni yake msikitini mbele ya watu waliokuja kula pilau. Waziri ataona haya gani zaidi ya huyo?

Tena wanazuoni wanasimulia kwamba Khalifa Umar bin Khattab alikuwa akiandika mali ya gavana kabla ya kumpeleka jimboni. Gavana akirudi na ziada asiyoweza kuieleza, nusu inakwenda hazina. Inasimuliwa pia kwamba aliwataka waingie Madina mchana, si usiku, ili watu waone walichobeba. Nikilifikiria hilo huwa natazama barabara yetu ya ziwani saa nne za usiku, misafara inavyopita na vioo vyeusi, naguna tu.

Si kwamba majirani zetu ni malaika, lakini angalau kalamu wanazo. Rwanda, viongozi wanatakiwa kupeleka matangazo yao kwa Umuvunyi, yaani ombudsman wao, kila mwaka kabla ya Juni 30 kwisha. Tanzania wana sheria ya maadili ya viongozi wa umma tangu 1995, na Sekretarieti nzima ya kupokea fomu kila ifikapo Desemba 31. Mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli mwenyewe alikabidhi fomu yake kwa Kamishna wa Maadili mbele ya kamera. Mwananchi anaruhusiwa kwenda kuliona daftari, ila ajieleze anataka nini, alipe ada, na akishaona asiende kutangaza mitaani. Yaani unalipa ili upewe umbea ambao huruhusiwi kuusema. Kwa mtu wa Rumonge hiyo ni adhabu, si haki.

Na kabla ya hapo, Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa kali zaidi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Halikuuliza una nyumba ngapi za kupangisha. Lilisema usiwe nayo. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza kamba, na nyumba zikapanda.

Kenya, sheria ya 2003 iliwabebesha watumishi wote wa umma, mpaka mwalimu wa shule ya msingi kijijini, waandike mali yao, ya mke au mume, na ya watoto walio chini ya miaka kumi na minane, kila baada ya miaka miwili. Mwalimu mwenye mbuzi watatu na mkopo wa chama cha akiba anajaza fomu kama gavana. Nazo fomu zikishajazwa zinafungiwa kabatini. Lakini afadhali ya kabati lenye karatasi.

Nikasema basi, nisilaumu kazi nisiyoijua. Nikachukua daftari la mwanangu, nikajaza tangazo langu.

Nyumba: moja, ya matofali, ukuta unaotazama ziwa umevimba tangu Tanganyika ilipopanda 2024 ikatutembelea bila hodi. Shamba: michikichi kiasi huko Mugara, ya urithi, yenye kesi na binamu. Vyombo vya usafiri: baiskeli. Mifugo: mbuzi mmoja. Madeni: duka la jirani, karo ya muhula uliopita, na shemeji ambaye kwa sasa tunapishana njia. Zawadi nilizopokea: jogoo kutoka kwa mama mkwe, sababu haijajulikana mpaka leo.

Nikafika sehemu ya mali ya mwenza. Nikamwita mama watoto, nikamweleza kwa upole kwamba ni mambo ya maadili.

"Mali yangu unaitakia nini?" akaniuliza.

"Ni ya kuandika tu, mama."

"Andika yako. Na huyo mbuzi mfute, ni wangu."

Kwa dakika tano hivi niliwahurumia waheshimiwa. Halafu nikakumbuka kwamba wao kwa mke ndiko wanakopitia. Mali ya mkubwa haina tabia ya kukaa kwenye jina lake. Jengo la ghorofa ni la shemeji, lori ni la mpwa anayesoma, na mashine ya kukamulia mawese ni ya bibi mzaa bibi ambaye hajawahi kuiona. Mheshimiwa mwenyewe, ukimkagua, ni maskini kuliko mimi. Ndiyo maana Wakenya wakaingiza mke na watoto kwenye fomu, na mimi nitaomba tuongeze mashemeji. Bila mashemeji, fomu ya mali katika nchi hii ni ngonjera.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niandike haya badala ya kulala. Kwetu mali ya mkubwa huhesabiwa, tena kwa undani, lakini siku anapoanguka. Alain-Guillaume Bunyoni alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Juni 2020 mpaka alipoondolewa Septemba 2022. Aprili 2023 akakamatwa, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu, ikikaa Gitega, ikamhukumu kifungo cha maisha. Miongoni mwa mashtaka yake, pamoja na ya kuhatarisha usalama wa nchi, lilikuwamo la kujitajirisha kinyume cha sheria. Ghafla kila mtu kibandani akawa mhasibu: nyumba zake, magari yake, ardhi yake. Mahakama ile ile iliyotakiwa na Katiba ya 2005 kupokea karatasi ya mali kiongozi anapoingia ndiyo iliyokaa kuipima alipokwishatoka, kiongozi mwenyewe akiwa kizimbani.

Wahenga wetu walimaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema karatasi ile inamlinda hata mwenyewe. Kiongozi aliyeandika mwanzoni kwamba ana majumba mawili ya urithi hawezi kuja kuulizwa baadaye ameyaiba wapi. Asiyeandika anabaki mateka wa siasa: akiwa mwema kwa walio juu hana mali, akikosana nao ana mali nyingi mno. Hiyo si sheria, ni fimbo iliyowekwa nyuma ya mlango.

Na wakati wenyewe ni mzuri. Mkoa wetu wa Rumonge, uliozaliwa 2015, umezikwa 2025. Mikoa kumi na minane imekuwa mitano, nasi tumemezwa na Burunga. Uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025 umepita, chama tawala kikabeba viti vyote vilivyogombewa. Magavana wamepungua, makomini yamepungua, kwa hiyo hata karatasi zitakazohitajika zimepungua. Rais Ndayishimiye amekuwa akirudia kwamba kila kinywa kipate chakula na kila mfuko upate pesa. Vizuri. Sisi hatuna ugomvi na mifuko ya wakubwa kujaa. Tunaomba tu tujue ilikuwa na kina gani siku walipoapa.

Kwa hiyo, mheshimiwa, waziri, gavana au musitanteri wa komini, kama unanisoma: Katiba ya 2005 ilitaka wakubwa waandike, sheria ya 2006 inakutaka ueleze, na mbuzi wangu umeshasikia habari zake. Andika na wewe, ukurasa mmoja unatosha, na ubandikwe mahali watu wanapopita. Asiyetaka kuhesabiwa asiombe kazi ya umma. Aje sokoni tuuze mawese, ingawa huku nako, namwonya mapema, atahesabiwa.