Kwa Heshima ya Nati Iliyoganda

Nina deni la shukrani kwa nati moja ya spana namba 13. Inashika manifodi ya ekzosi kwenye Pijo 504 yangu, ile ya nyuma kabisa, karibu na ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, mahali ambapo mkono unaingia lakini hautoki bila kuacha ngozi. Wenzake wote walikubali yaishe. Mmoja aliondoka na stadi yake, mwingine alikatika, waliobaki walizunguka huku wakinung'unika. Hii ilikataa. Ilikataa Jumamosi ya kwanza, ikakataa Kaskazi nzima, na mvua za masika zilipoanza kugonga turubai nililofunikia gari, bado ilikuwa inakataa. Leo naisifu hadharani, maana walimwengu hawajui fadhila.

Tuanze na ukoo wake. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 Coupé ya silinda 6. Magazeti yaliwasifu madereva. Nani aliandika hata mstari mmoja kusifu nati zilizopigwa na mawe maelfu ya kilomita zisiachie? Ufaransa iliacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunda 504 miaka mingi baadaye, na sisi tulioziparamia zilipokuwa teksi za masafa, tumebanana na vikapu na kuku, tulifika salama kwa sababu kuna vitu vilivyokataa kulegea. Leo nati ile ile inapokataa mbele yangu, niite huo ukaidi? Huo ni uaminifu, ila mimi ndiye niliyeujia vibaya.

Watu wa kemia wanasema kutu ni uharibifu. Mimi naona ni ndoa. Chuma kikiingiwa na unyevu wa chumvi hakiishi kama sabuni, huvimba. Kutu hutaka nafasi zaidi ya maradufu ya ile ya chuma kilichoizaa, na kwenye meno ya stadi, ambako hata unywele haupiti, uvimbe huo hugeuka kabari. Ekzosi nayo inaongeza moto wake: kila safari nati inapashwa, kila usiku inapoa, miaka nenda miaka rudi, mpaka kutu inaokwa kama tofali la tanuri. Hapa kwetu Kisauni upepo wa Kusi unaleta chumvi bure hadi mlangoni. Watu wa Nairobi wana nati zilizokwama. Sisi wa pwani tuna nati zilizooana.

Tena ndoa yenye mashahidi. Kabla ya nati hii majirani zangu nilikuwa nawajua kwa salamu tu. Sasa kila jioni ua unajaa, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kuna aliyeleta dizeli kwenye kopo la dawa ya kikohozi. Kuna aliyeleta mafuta ya breki. Kijana mmoja alileta soda ya kola, akieleza kwa kujiamini kwamba ina asidi ya fosforasi. Asidi ipo kweli, lakini wadudu chungu ndio waliofaidika. Mzee aliyewahi kuendesha malori alinichanganyia asetoni na mafuta ya gia ya otomatiki, nusu kwa nusu, akanionya nisiwashe sigara karibu. Halafu akakalia kibuyu cha mafuta na kutusimulia malori ya zamani ambayo nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande ambao wengine tunafungia. Anasema utingo mgeni alikaza nusu saa nzima akidhani anafungua, jasho linamtiririka, bomba la maji limepachikwa kwenye spana ili kuongeza nguvu, mpaka stadi ikakatika naye akaanguka mtaroni. Tulicheka mpaka adhana ya Magharibi. Niambieni, ni nati gani laini iliyowahi kukusanya baraza kama hiyo?

Na ina adabu, jambo ambalo hulijui mpaka ukutane na isiyo nayo. Nati yenye nia ya kufunguka hulia: kak! Mkono unashtuka, roho inatulia. Inayotaka kukatika hainyanyui sauti. Inalainika. Mpini unasogea taratibu, mtamu, kama kisu kwenye halua, nawe unatabasamu ukidhani umeshinda, kumbe ni chuma kinavutika kabla ya kuachana. Mimi nilitabasamu hivyo kwenye stadi ya tatu. Nikabaki na boksi mkononi, na ndani yake kipande kilichong'aa upande mmoja kama jino la mtoto. Kuitoa nusu iliyobaki ndani ya hedi ya alumini kulinichukua wiki mbili za keekee na dua. Nati yangu ya nyuma haikuwahi kunihadaa kwa ulaini. Ilisema hapana tangu siku ya kwanza, na hapana yake ilikuwa hapana.

Lakini fadhila yake kubwa naisema kwa sauti ya chini. Mwaka jana, mbele ya shemeji zangu, sahani ya biriani iko katikati, nilitangaza kwamba nitaifungua injini ya Pijo mwenyewe, nyumbani, nibadilishe slivu na pistoni, na Idi tutakwenda nayo Malindi. Ukweli ni kwamba sijawahi kupachika ringi ya pistoni maishani mwangu. Nati ikanisitiri. Kila aliyeuliza, "Pijo vipi?" nilimjibu, "Imebaki nati moja tu," naye akatikisa kichwa kwa heshima. Hata mke wangu, ambaye turubai lile limemziba kamba ya kuanikia nguo, alikuwa anaishia kusema, "Baba Salma, hiyo nati nayo," kana kwamba tunasumbuliwa na mtu mmoja.

Jumamosi iliyopita shemeji mmoja, kwa wema wake, aliniletea fundi mwenye mtungi wa gesi. Kijana mwembamba, ovaroli imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nati yenyewe ni ile kule, lakini nakwambia mapema, haifunguki."

Hakubisha. Akaelekeza moto kwenye nati peke yake, mbali na alumini, ili nati itanuke kabla stadi haijapata habari. Ilipowiva nyekundu akazima, akasubiri ipoe kidogo, akagusisha mshumaa. Nta ikafyonzwa ndani kama chai kwenye mkate. Akachukua boksi ya pembe sita, akaniambia ya pembe kumi na mbili ndiyo inayomeza kona za nati. Akakaza kidogo kwanza. Kisha akafungua.

Kak.

Dakika kumi hazikufika. Aliniwekea nati kwenye kitambaa, bado ina moto, nami nikaishika kama mtu aliyekabidhiwa mkufu wa marehemu. Baraza zima likapiga makofi. Shemeji akaangalia kalenda kwenye simu yake na kutaja Malindi.

"Fundi," nikamwuliza polepole, "na hedi?"

"Hedi ya Pijo?" Akacheka. "Hiyo mzee, unaweza kutoa bolti zote na isitikisike. Na usiivute juu kama kifuniko cha sufuria, itanyanyuka na slivu zake. Inatakiwa kutingishwa ubavuni, pole pole. Nyingine zinakaa wiki, nyingine mwezi."

Nikamwita Salma alete chai nyingine, na viti.